Siku moja maishani mwangu: msaidizi wa maabara ya miche ya mkonge, Tanga

Nikimwambia mtu nafanya kazi kwenye maabara ya bayoteknolojia anadhani napima damu au natengeneza dawa, hapana jamani, mi nazalisha mkonge ndani ya chupa. Ni msaidizi wa maabara, kazi ya kwanza toka nimalize chuo, mkataba wa muda, na hii ni Jumanne ya kawaida tu.

Saa 11 alfajiri. Naamka, naswali, naoga, chai ya rangi na kiporo cha wali. Kucha nakata fupi kabisa, bangili na pete naacha nyumbani mana kule ndani chochote kinachobeba vumbi ni adui.

Saa 12 na nusu niko Kange nasubiri haisi ya Muheza. Mkipita Pongwe mashamba ya mkonge yanaanza na mimi hapo huwa sichoki kuangalia dirishani, unaona mistari inaenda mpaka macho yanaishia, alafu huku na huku milingoti ya maua imesimama. Mkonge ukitoa mlingoti ndo safari yake imeisha, unachanua mara moja tu kisha unakufa, lakini kwenye ule mlingoti vinaota vitoto vingi na hivyo pamoja na machipukizi ya shinani ndo mbegu ya wakulima miaka yote. Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na hiyo 62 ndo ikaanzisha mashamba yote yale mpaka Tanganyika ikawa inaongoza duniani. Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma akaja huku kama manamba kukata majani ya hiyo mimea. Kwahiyo kwangu hii kazi ina uzito wake.

Saa 2 asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Huyo ni mama anayeosha chupa, wa kwanza kufika kila siku. Nabadili viatu, koti, kofia ya nywele, barakoa, naingia chumba cha kukuzia. Kipo kwenye digrii 25, taa zinawaka saa 16 kwa siku, na chupa zimejaa kwenye shelfu. Kazi yangu ya kwanza ni kuinua chupa mojamoja kuelekea kwenye taa na kuangalia, na hapa ndo nataka nieleze vizuri mana watu wanadhani utafiti ni mashine kubwa, wakati sehemu kubwa ya utafiti wetu ni haya macho.

Ukiona manyoya meupe juu ya jeli, ambayo ndo chakula cha mche, mbali na mche wenyewe, hiyo ni kuvu na imeingia na hewa au kwa mfuniko. Lakini saa ingine mche uko kijani safi kabisa, jeli juu safi, ila pale shina lilipochomekwa kuna utando kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji, unashuka taratibu kufuata mzizi. Hao ni bakteria na hawajaingia, walikuwepo ndani ya mmea wenyewe toka shambani, Jiki haiwafikii hata uoshe vipi, wanaweza kukaa kimya wiki kadhaa alafu wakajitokeza. Kwahiyo kwenye daftari siandiki tu "imeharibika", naandika imeanzia wapi, tarehe iliyopandwa na mmea mama ni upi. Dokta wetu alinifundisha hilo wiki ya mwanzo, akasema chupa iliyokufa ikiandikwa vizuri inatuambia mengi kuliko iliyopona, na kweli, ndo tulivyogundua mimea mama fulani haifai tukaitoa. Chupa zenye kuvu hazifunguliwi hovyo, zinaingia otokilevu, ile mashine ya mvuke wa presha inayoua vijidudu, vilevile zimefungwa ndo zinaenda kuoshwa.

Saa 4 natengeneza chakula cha miche. Maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa, chumvichumvi zake kwa kanuni ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, sukari gramu 30 kwa lita, homoni kidogo mno ya kuchochea machipukizi, kisha kipimo cha asidi (pH) nahakikisha kiwe 5.8, mana kikishuka sana agari, ile ya kugandisha jeli, haigandi unabaki na uji. Kila kitu kinapimwa na kuandikwa. Namimina kwenye chupa, zinaingia otokilevu, digrii 121 kwa dakika 20.

Saa 5 mpaka saa 8 nakaa kwenye laminafloo na sinyanyuki. Ni meza yenye kioo na feni inayosukuma hewa iliyochujwa kuja usoni kwako. Mikono spiriti, meza spiriti, kisu na koleo vinachomwa motoni kila baada ya mche, vinapoa, ndo unakata. Unatoa kifungu cha machipukizi kwenye chupa ya zamani, unayatenganisha, unakata majani marefu, unabakiza kile kitako kidogo chenye uhai, unakichomeka kwenye chupa mpya, mfuniko, lebo. Huongei, hupitishi mkono juu ya chupa iliyo wazi. Mgongo unauma na macho yanakauka lakini mi hapa ndo napapenda kuliko kwingine kote, kichupa kimoja kikienda vizuri baada ya mwezi hivi unakigawa tena, na tena, na wote wanabaki sawa na mama yao. Mkulima wa mkonge anasubiri kama miaka 3 kabla ya mkato wa kwanza, sasa ukimpa mche mbovu umemla miaka yake.

Saa 8 chakula, bada na samaki wa nazi, kwa mama lishe getini.

Saa 9 umeme ukakatika. Jenereta iliwaka baada ya muda lakini otokilevu ilikuwa katikati, mzigo mwingine wa chakula ndani yake. Haujatimiza dakika zake, na ukianza upya sukari inaungua inakuwa kahawia, kwahiyo dokta akasema tumwage. Inauma, zile kemikali ni ghali, ila kupandia chakula usichokiamini ni kupoteza na miche pia. Tukamwaga, nikaandika.

Saa 10 kwenye kitalu nyumba, kwa mzee wetu ambaye zamani alikuwa kwenye korona, mashine ya kusaga majani. Miche inayotoka chupani lazima ioshwe jeli yote kwenye mizizi mana ile sukari inaita kuvu, alafu inafunikwa nailoni isikauke, nailoni inafunguliwa kidogokidogo mpaka izoee hewa ya Tanga. Leo yalikuwa machotara 11648, aina iliyozalishwa hapahapa Tanga, kituo cha utafiti cha Mlingano, ina majani mengi kuliko mkonge wa zamani ila ugonjwa wa majani wa madoa ya Korogwe unaipenda. Mzee akashika jani moja, akalikunja kidogo akaliachia. "Huu umeshaanza kukaza mjukuu wangu, ukiukunja unarudi." Nikaandika na hiyo. Nataka tuanze kuipima kila wiki, nshamwambia dokta, amekubali nianze na trei mbili.

Saa 1 usiku niko Makorora. Mtoto wa jirani yuko fomu five, CBG (kemia, baiolojia na jiografia), akaja kuniuliza dada kazi kama yako inapatikanaje. Nikamwambia SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, wana digrii ya bayoteknolojia na sayansi ya maabara, UDSM nao wanayo ya kwao, ila asisubiri mpaka huko, likizo hii aje aombe kusaidia hata kuosha chupa. Ameuliza aje na nini. Nimemwambia viatu vya kubadilisha na daftari lenye jalada gumu.