Zumaridi ya bibi haikuwa zumaridi

Pete ya bibi nimeirithi mimi, na kwetu haina jina jingine ila "ile zumaridi". Aliolewa nayo mwaka 1962, hapa hapa Mji wa Kale, Mombasa, na hakuna harusi ya ukoo inayopita bila pete hiyo kutajwa. Mwaka jana kucha moja ya kushikia jiwe ililegea, nikaipeleka kwa sonara. Akalichomoa jiwe, akalitazama kwa lenzi, akanyamaza kidogo.

"Dada, hili jiwe zuri sana. Lakini zumaridi si hili."

Nilimshuku palepale. Nilishawahi kuuziwa "yakuti" nyekundu ikatoka kuwa kioo, ndani ina viputo vya duara kama vya soda, na tangu hapo kila muuza vito kwangu ni mwizi mpaka nione vingine. Nikalifunga jiwe kwenye leso, nikarudi nalo nyumbani nilipime mwenyewe.

Nilianza na lenzi ya kukuza mara 10. Zumaridi kwa kawaida haikosi nyufa na uchafu mdogo ndani yake, kama majani yaliyozama majini. Wafaransa hupaita bustani. Ndiyo sababu nyingi hutiwa mafuta kuzificha hizo nyufa. Langu lilikuwa safi, na lilirusha cheche kila nikilitikisa chini ya taa. Rangi sikuitegemea, maana chupa ya soda nayo ni kijani. Nina rafiki mwenye tanzanaiti: ukiigeuza mara ni buluu, mara zambarau. Langu niligeuza huku na huku, kijani kile kile.

Kilichonifaa hasa ni uzito. Niliazima mizani ya dhahabu kwa binamu yangu, ile inayosoma karati kwa desimali mbili. Jiwe kavu: karati 2.16. Kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikalining'iniza jiwe majini kwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, bila kugusa chini wala ubavu. Mizani ikasoma 0.71, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Ukigawa 2.16 kwa 0.71 unapata kama 3.0, nikachanganyikiwa, kwa sababu hiyo si zumaridi wala kioo cha kawaida. Kumbe kiputo cha hewa kilikuwa kimenata chini ya jiwe! Nikatia tone la sabuni ya vyombo, nikarudia mara tatu: 0.60, 0.60, 0.60. Yaani jiwe ni zito mara 3.6 kuliko maji. Zumaridi ni karibu 2.7, kioo cha kawaida 2.5. Sonara hakunidanganya, na nilimwendea kumwomba radhi.

Lakini 3.6 ina wenyewe zaidi ya mmoja. Spineli, jiwe jingine la vito, ile inayotengenezwa kiwandani iko hapo hapo, na imeuzwa sana badala ya zumaridi. Ikabidi nipande matatu hadi Voi kwa mpimaji mwenye kifaa cha kuona jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye jiwe. Spineli ya kiwandani ingesoma kama 1.73 na zumaridi chini ya 1.60. Langu lilisoma 1.74. Akalikagua tena kwa hadubini, kisha akacheka: "Mama, umetoka Mombasa na jiwe la Taita!"

Ni tsavoraiti, ganeti ya kijani. Halihitaji kutiwa mafuta, wala halipikwi motoni kama tanzanaiti, ambayo karibu yote hupikwa ndipo itoe ile buluu. Na likizidi karati mbili ni adimu, kwa hiyo sikupata hasara hata kidogo.

Njiani kurudi, tumeshapita Maungu, ndipo hesabu ya miaka iliponigonga. Yule mjiolojia wa Uskoti, Campbell Bridges, alilipata jiwe hili Tanzania mwaka 1967, kisha akalipata upande wetu wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lake, linalotokana na Tsavo, lilitolewa na Tiffany ya Marekani mwaka 1974. Bibi arusi wa 1962 angelipata wapi?

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, Majengo, hata kahawa sikungoja. Aliitazama pete, akaitazama njia, akafunga mlango.

"Zumaridi mamangu aliiuza babako alipofaulu kwenda sekondari. Hili la kijani alipewa na mtu wa Mwatate, kule Taita, aliyekuwa na deni la samli dukani. Alisema litatosha, mradi hakuna mtu atakayelitazama karibu."

Babangu hajui mpaka leo. Pete nimeirudisha kwa sonara, akatia kucha mpya, na kwenye harusi ya mwezi uliopita ilitajwa tena: ile zumaridi. Shangazi alikuwa amekaa mbele yangu, akajikohoza.