Nilivyotengeneza kiti chenye umbo la sanamu, na bado kinakalika

Kabla ya kiti hiki nilikuwa nikitengeneza fanicha za kawaida: meza, makabati, viti vya miguu iliyonyooka. Ni kazi ninayoipenda hadi leo. Ila nilikuwa na hamu ya kiti ambacho ukikizunguka huoni mguu unaishia wapi na kikalio kinaanzia wapi, kiti cha kutazamwa kama sanamu na kukaliwa kila siku. Ugumu uko hapo kwenye kukaliwa. Hakuna mtu mzima anayejitupa juu ya sanamu na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote.

Kwa hiyo nilianza na vipimo, na hivyo sivipindishi hata umbo linivutie vipi. Kikalio kiwe sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni, upande wa nyuma uwe chini kidogo kuliko wa mbele, na egemeo lilale nyuma, pembe kati yake na kikalio iwe digrii 100 hadi 105. Kisha nikachora kiti kizima kwa ukubwa wake halisi kwenye plaiwudi, kwa ubavu na kwa mbele. Mchoro mdogo wa daftarini hudanganya jicho. Mguu wa nyuma niliukata kwanza kwenye mbao hafifu, nikausimamisha na kuuzunguka. Kwa ubavu ulipendeza. Kwa nyuma ulionekana mzito, nikaupunguza palepale kabla sijagusa mbao yenyewe.

Kilichonifikirisha zaidi ni mkono wa kiti. Nilitaka utoke kwenye egemeo, uteremke, ujikunje na kuingia kwenye mguu wa mbele kwa mstari mmoja. Sasa, ukikata mkunjo wa namna hiyo kutoka kwenye ubao ulionyooka, kuna mahali nyuzi za mbao zitakatiza upana badala ya kwenda na urefu, na kiti kitakatikia hapohapo. Mafundi wamelitatua hili kwa njia mbalimbali. Michael Thonet, fundi wa fanicha mzaliwa wa Ujerumani, alikunja fito kwa mvuke, na kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kikaenea dunia nzima. Wendell Castle wa Marekani alibandika mbao tabaka juu ya tabaka kwa gundi, akapata bonge la kuchonga umbo lolote alilotaka. Mimi nilichagua kupasua vipande vyembamba vya milimita 3 na kuvigandisha pamoja kwa gundi ndani ya kalibu, yaani fomu yenye umbo la mkunjo, kwa sababu hapo nyuzi zinafuata mkunjo mwanzo hadi mwisho.

Vipande hivyo vyote nilivipasua kutoka ubao mmoja na kuvipa namba kadiri vilivyotoka kwenye msumeno, ili vikirudishwa kwa mpangilio uleule mistari ya mbao ioane. Kalibu niliikunja zaidi kidogo ya umbo nililotaka, maana mkono wa kiti ukitolewa kwenye klampu, vile vibano vya kuubana, hurudi nyuma kidogo. Klampu nilizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, gundi ya ziada ipate pa kutokea. Na gundi yenyewe iwe ya kukauka ngumu, kama epoksi. Ile nyeupe ya kawaida ni nzuri kwa kazi nyingi, lakini mbao iliyokunjwa hujivuta muda wote na gundi hiyo huachia polepole.

Viungo nilivikata wakati kila kitu bado kina pembe mraba. Ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inayoingia kwenye shimo la nyingine, huhitaji uso ulionyooka wa kupimia. Ukishachonga mkunjo huna tena pa kuweka rula. Sam Maloof, fundi mwingine wa Marekani aliyesifika kwa viti vyake vya kubembea, aliacha mbao nene penye kiungo, akaunganisha, ndipo akachonga. Nami nilifanya hivyo: palipokutana mguu na kikalio niliacha nyama ya kutosha pande zote.

Hapo sasa ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tupa ya mbao yenye meno makali hula pembe za kiungo, halafu randa ndogo ya mikunjo hufuata, kila mara ikiteremka na nyuzi. Ukipandisha, mbao hunyofoka. Nilizima taa ya juu nikaweka taa moja pembeni, chini, mwanga upite juu ya uso wa mbao. Kila kinundu kikatoa kivuli chake. Nikaweka alama kwa penseli, nikakwangua, nikahamisha taa. Kisha nikafumba macho na kupitisha kiganja kutoka mguuni hadi kwenye kikalio. Kiganja hugundua kibonde ambacho jicho limekipita. Msasa nilianza na namba 120 nikaishia 240, tena kwa mkono, kwa sababu mashine hulainisha hata ule mstari mkali ninaotaka ubaki ukikimbia ukingoni mwa mkono wa kiti.

Kwa kumalizia nilipaka mafuta ya kitani, si vanishi. Mikono ya kiti hushikwa kila siku, na ikichubuka unasugua palipochubuka tu na kupaka tena, wakati vanishi ingedai kukwanguliwa eneo zima. Vitambaa vya kupakia nilivitandaza nje kimoja kimoja hadi vikakauka. Vikirundikwa vikiwa na mafuta hayo hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto.