Nilivyoinyoosha kaseti ya Queen, Knebworth 1986, iliyorekodiwa na shabiki uwanjani

Mimi hizi rekodi za mashabiki nazipenda kuliko albamu nyingi za laivu zinazouzwa. Albamu ya laivu imeshapita studio, imeoshwa, makosa yamefichwa, lakini ya mtu aliyejificha na rekoda ndani ya koti unausikia uwanja wenyewe, huyu wa pembeni anaimba, yule anaita wenzake, besi inakuja inaondoka na upepo. Shida yake kubwa ni spidi. Mtu anaweka kaseti anakuta sauti ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, imekuwa nyembamba, nyimbo zinakimbia, anasema hizi rekodi mbovu, anazima. Kumbe inawezekana kuinyoosha na vifaa vya kawaida tu, mimi nimeinyoosha moja na ndo naeleza hapa.

Kaseti ni za mjomba wangu, alikaa London miaka ya 80 kabla hajarudi Unguja, na tarehe 9 Agosti 1986 alikuwepo Knebworth, uwanja wa wazi hukohuko Uingereza, ile shoo ya mwisho ya Queen wakiwa na Freddie, mtoto wa Mji Mkongwe, watu zaidi ya laki moja uwanjani. Ananihadithia mpaka leo jinsi bendi za Big Country na Status Quo zilivyopiga mchana, halafu ikaja helikopta na Queen wenyewe ndani wanapita juu ya watu. Baadae akanunua kaseti mbili za shoo hiyohiyo soko la Camden, zimerekodiwa na mtu asiyemjua, kopi ya kopi. Na hizo zina thamani yake kwa sababu mpaka leo bendi haijatoa shoo nzima ya Knebworth, ipo albamu ya Live Magic ya Desemba 1986 ina vipande vya siku ile, lakini nyimbo kadhaa zimekatwakatwa. Kwahiyo ukitaka kuisikia jioni ile yote mfululizo, unategemea watu waliobeba rekoda.

Na msidharau hao watu. Los Angeles alikuwepo jamaa anaitwa Mike Millard, alikuwa anaingia ukumbini amekaa kwenye kiti cha magurudumu na wala hakuwa mgonjwa, chini ya kiti ameficha rekoda ya Nakamichi 550 na maiki za AKG. Ndo aliyeirekodi bendi ya Led Zeppelin pale ukumbi wa Forum, Inglewood tarehe 21 Juni 1977, na bendi ya Pink Floyd ukumbi wa Sports Arena Aprili 1975, na hiyo ya Pink Floyd bendi yenyewe imeitoa rasmi mwaka 2025 kwenye toleo la miaka 50 ya albamu yao Wish You Were Here. Yaani miaka 50 baadae wenye nyimbo zao wanarudi kwa mtu aliyerekodi kwa kujificha! Millard alifariki 1994, hakuyaona hayo, inaniuma sana.

Haya, kazi yenyewe. Kaseti za mjomba zilikuwa na ukungu, nyie mnajua hewa ya kisiwani. Ukiona unga mweupe pembeni ya mkanda usiweke kwenye deki kabisa, utachafua hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na ukungu unahamia kaseti nyingine. Nilizungusha mkanda taratibu kwa mkono, kwa peni, huku naupitisha kwenye kitambaa laini kikavu, kazi ya jioni nzima na inachosha. Moja ile sponji ndogo inayokandamiza mkanda kwenye hedi ilishadondoka, nikafungua kaseti nyingine ya skrubu nikahamishia mkanda humo. Deki nilimpelekea fundi anibadilishie belti, hedi nikasafisha mwenyewe kwa spiriti na pamba.

Kisha kuna kitu wengi wanaruka, skrubu ndogo pembeni ya hedi. Kila rekoda hedi yake imekaa kwa pembe yake, na kama ya kwako haijalingana na ya rekoda iliyorekodi ile kopi, zile sauti za juu zinapotea, matoazi yanafifia na maneno hayasikiki. Unaiweka sauti kwenye mono, unavaa hedifoni, unazungusha bisibisi kidogo kidogo mno mpaka matoazi yafunguke. Yakifunguka utajua tu, hutauliza mtu. Mimi hapo ndo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba aliyerekodi alikuwa amezungukwa na watu wanaojua kila neno. Dolby, ile swichi ya kupunguza shhh ya mkanda, nikaiacha imezimwa, maana kama kopi haikurekodiwa na Dolby ukiiwasha inakula sauti za juu zote. Nikaingiza kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, faili la WAV ya biti 24, nikaacha nafasi ya kutosha juu ili makelele ya watu yasipasue.

Sasa spidi. Rekoda ya mfukoni inatumia betri, betri zikichoka mkanda unakwenda pole wakati wa kurekodi, halafu ukija kuupiga kwenye deki inayokwenda sawasawa kila kitu kinakimbia na kupanda juu. Na betri zinachoka polepole, kwahiyo mwanzo wa shoo kosa ni dogo na mwisho ni kubwa, huwezi kurekebisha kaseti nzima kwa namba moja. Nilihitaji kitu kisichodanganya cha kupimia, nikapata viwili.

Cha kwanza umeme. Uingereza umeme ni Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na maampli ya jukwaani yanavuma kwa Hz 50 na mara mbili yake, 100. Kati ya wimbo na wimbo, watu wakitulia kidogo, mvumo huo unaingia kwenye kaseti. Nikachagua hizo sekunde za utulivu, nikafungua ile chati ya masafa ya sauti kwenye Audacity, nikaweka saizi kubwa kabisa ili isome kwa usahihi, nikakuta mistari miwili imekaribiana! Mmoja uko 100 kamili popote unapopima, mwingine mwanzo wa shoo uko 101 na kuelekea mwisho 103. Ilinichukua muda kufikiria lakini nilipoelewa nilifurahi kweli, huu wa 100 ni wa ile deki iliyotoa kopi ya mjomba, uliingia baadae, na kwa kuwa umekaa sawasawa maana yake deki yangu na kopi hazina kosa. Huu unaopanda ndo wa Knebworth.

Cha pili piano. Gitaa mtu anaweza kulitune atakavyo, lakini piano ikishatuniwa imetuniwa, haibadiliki katikati ya shoo. Bohemian Rhapsody Freddie anaipiga kwenye B flat, na ile noti ya B flat iliyo chini ya C ya katikati ni kama Hz 233. Kaseti ilisoma 240. Hiyo ni asilimia 3, karibu nusu ya nusu-toni, na inalingana na mvumo wa 103. Vitu viwili tofauti vikikupa jibu moja hapo huna wasiwasi tena.

Nikapima mvumo kila penye utulivu, nikaandika kwenye daftari, halafu nikarekebisha kipande kwa kipande, mwanzo kama asilimia 1 kushuka, mwisho karibu 3. Angalizo, tumia ile ya kubadilisha spidi, inayoshusha sauti na mwendo pamoja, usitumie ya kubadilisha pitchi peke yake.

Sauti ya Freddie ikarudi na kifua chake. Ngoma za Roger Taylor zikawa nzito. Lakini kilichonigusa zaidi ni watu kwenye Love of My Life, Freddie anawaachia waimbe, na kabla uwanja ulikuwa unasikika kama watoto, sasa ni watu wazima, wanaume na wanawake, wanaimba taratibu. Ile shhh ya mkanda nimeiacha. Nilijaribu kuipunguza na kila ukiipunguza inaondoka na hewa ya uwanja, mimi bora shhh.

Nimehifadhi faili mbili kwa FLAC, aina ya faili isiyokata sauti, moja ghafi kama ilivyotoka kwenye deki na moja iliyonyooshwa, pamoja na maelezo ya deki gani, kopi ya ngapi, spidi nimebadilisha wapi na kwa kiasi gani, ili mwenye masikio bora au kopi bora aanzie hapo. MP3 sijatengeneza na naomba ukipewa usitengeneze ukaisambaza, maana ikishakatwa zile sauti za juu hairudi tena na ndo hizo hizo zinazozunguka miaka mingi watu wanadhani ndo mwisho wa ubora.

Mjomba nilimuwekea Bohemian Rhapsody kwanza, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia "mwanangu, sasa ndo yenyewe", halafu akaniletea boksi lingine, ndani kuna kaseti za Wembley za Julai 1986, zina ukungu mbaya kuliko hizi na nimeshaanza kuufuta.