Mlango nikauacha usubiri, madirisha sikuyapa nafasi

Tulihamia nyumba mpya, plasta ikiwa bado inanuka ubichi. Haikupita muda, mlango wa chumba cha kulala ukaanza kukwama kwa juu, upande wa kitasa. Seremala alikuja na randa mkononi, nikamsihi asiiguse mbao kwanza.

Nyumba mpya imebeba maji mengi kuliko tunavyodhani. Zege, plasta na rangi huendelea kutoa unyevu kwa miezi kadhaa, na mbao huufyonza ikavimba, zaidi kwa upana kuliko urefu. Ukiuranda mlango leo, kuta zikikauka mbao itanywea, na hapo utaishi na mwanya. Basi kila asubuhi nilifungua madirisha ya pande mbili ili upepo upenye. Tukakagua bawaba ya juu: skrubu zilikuwa zimelegea, mlango umeinama. Tulipozikaza, nusu ya tatizo ikaisha hapohapo. Nusu ya pili niliiachia muda, na mwishowe msasa kidogo ulitosha.

Mlango ulipokauka tuliung'oa, tukaupiga vanishi ukingo wa juu na wa chini. Wapaka rangi wengi huruka kingo hizo kwa kuwa hazionekani, kumbe ndipo nyuzi za mbao zilipokatwa, na hunyonya maji kama mirija.

Madirisha ya alumini yalikuwa habari nyingine. Hapo nilikuwa na haraka. Ile nailoni ya kinga ikikaa juani hugandamana na fremu, gundi ikawa adhabu kuitoa, kwa hiyo niliibandua mara kazi chafu ilipoisha. Saruji mbichi nayo huila alumini na kuacha madoa yasiyofutika. Tone likiruka, lioshwe kwa maji kabla halijakauka. Yaliyokwisha kauka niliyalowesha, nikayakwangua taratibu kwa kipande cha plastiki. Fundi wa vigae alinishauri nitumie asidi yake ya kusafishia sakafu. Nilikataa, maana asidi nayo hula fremu.

Vioo vya nyumba mpya vina mchanga hata kama huuoni. Nilivimwagia maji mengi kwanza, ndipo nikagusa kitambaa. Ukifuta vikavu, mchanga unachora. Kwenye reli nilipitisha brashi kabla hata ya kusukuma dirisha, kwa sababu changarawe huharibu vigurudumu.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya fremu. Vikizibwa kwa saruji au silikoni, maji ya mvua hujaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Nilimimina kikombe cha maji kwenye kila reli, nikatoka nje kutazama. Dirisha la jikoni halikutoa hata tone. Nilizibua kwa waya mwembamba, nikamimina tena mpaka maji yakatiririka nje.

Vitasa sikuvitia mafuta ya kupikia, maana hunasa vumbi. Nilisugua ufunguo kwa risasi ya penseli, nikauzungusha mara kadhaa tunduni, ukalainika.