Daftari la Jumuiya na Wajane wa Matendo 6

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuivuka sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Kila nikifungua, macho yanatua palepale: "wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku." Wajane hao walikuwa wa Wayahudi wasemao Kiyunani, ambao ndio walionung'unika. Ni kwa sababu ya yaliyotokea jumuiyani kwetu, yaani kikundi chetu cha majirani Wakatoliki tunaosali pamoja. Mwenzetu mmoja, mama anayeuza vitumbua, kagongwa na bodaboda, mguu umevunjika. Jina lake lilipotajwa ili tukamwone, daftari likafunguliwa. Kidole kikateremka kwenye mahudhurio, kikahamia kwenye michango, tukaambiwa: "Huyu si mwanachama hai." Tukaingia ajenda nyingine.

Sisi tunasali Jumamosi saa 12 asubuhi. Saa hiyo mama huyu yuko jikoni anageuza vitumbua, maana wateja wake ni wale wanaowahi kazini. Akija kusali, watoto watakula nini? Na wiki hiihii tulijaza Hiace kwenda kumpa pole mzee mmoja mwenye nyumba ya geti, ambaye jumuiyani hatujawahi kumtia machoni, ila mchango wake huingia kwa simu kila mwezi. Kwake hakuna aliyeuliza mahudhurio. Mtume Yakobo alishayasema haya: mwenye pete ya dhahabu anaketishwa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama pale.

Ndugu zangu, niwaambie ukweli bila kuuma maneno: tumegeuza upendo kuwa bima. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, walitaka Kanisa liwe karibu na nyumba za watu, majirani wajuane na kubebana.

Tazameni Mitume walivyofanya. Hawakusema wajane wale hawakujiandikisha. Wakaita mkutano, wakachaguliwa watu saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote ya Kiyunani! Mimi nasoma hapo kwamba kapu la chakula walikabidhiwa watu wa upande uleule uliokuwa ukinung'unika. Hebu fikirini, mama wa vitumbua awe ndiye mwenye orodha ya wagonjwa wetu. Nani angesahaulika?

Najua mtasema: tukienda kwa kila mtu, nani atachanga tena? Hoja ina uzito, na mfuko lazima uwe na utaratibu, sibishani. Pesa ya mfuko wapeni kwa kanuni mlizojiwekea. Lakini miguu yetu haihitaji sahihi ya mhazini. Kumpa mtu pole, kumchotea maji, kumfulia watoto sare za shule, katiba ya jumuiya inakataza wapi? Paulo anawaandikia Wagalatia tuwatendee mema watu wote, na hasa jamaa ya waaminio. Hasa, siyo peke yao. Kwa hiyo hata jirani Mwislamu aliyelazwa anatuhusu, na mara nyingi wao hutangulia kufika kwetu kwenye misiba.

Mkienda, nawasihi, msiende kama wageni rasmi. Msikae kwenye kochi mkisubiri soda kwa mtu ambaye hajauza kitu tangu aanguke. Picha za kutuma kwenye grupu acheni. Ulizeni unga upo? Mkaa upo? Nani anampeleka kliniki kubadilisha bandeji? Mwenye kujua kupika vitumbua ashike jiko lake asubuhi moja moja, wateja wasihame.

Na hii saa 12 asubuhi tuizungumze. Jumamosi nitaleta hoja tuwe tunasali jioni, angalau mara moja kwa mwezi, ili mama ntilie, walinzi wa usiku na wauza maziwa nao wapate nafasi. Anayepinga aje na sababu, ila isiwe "ndivyo tulivyozoea".