Viatu vya damu ya mzee

Jumamosi usiku, Moshi. Mvua inapiga bati tangu magharibi na umeme umeshakatika mara mbili. Nimekaa kwenye kigoda jikoni, gazeti la juzi nimelitandaza sakafuni, napiga viatu kiwi. Mahubiri ya kesho niliyamaliza alasiri. Viatu ndivyo haviishi, kwa sababu kila nikipiga brashi mbili nasimama kuvitazama. Si vyeusi. Ni damu ya mzee, na kiwi ya rangi hiyo dukani kwa Mangi hakuna, nimetumia ile isiyo na rangi.

Nimevitafuta wiki tatu. Baraza la wazee lilichagua rangi ya kupaka kanisa zima kwa kikao kimoja.

Mchungaji mwanamume akishavaa kanzu na stola, chini ana vile viatu vyake vyeusi vya kamba, vya mwaka juzi na vya mwaka kesho, na sijawahi kumsikia mtu akivizungumzia. Mimi kanzu ikishanishukia inafunika shati la kola, inafunika sketi, inafunika hata huo mguu wa bia ambao shangazi zangu walikuwa wakinisifia mbele za watu hadi natamani ardhi ipasuke. Kinachobaki nje ni kichwa juu na viatu chini. Kichwa nilishamalizana nacho zamani: nywele fupi, hereni za vipini. Basi macho yote yanashuka.

Na yanashuka kweli. Nilipobarikiwa, dada yangu alininunulia skuna nyeusi, kisigino kirefu kama kidole cha shahada. Nilipendeza, nakiri. Lakini usharika wangu wa kwanza kanisa lilikuwa na sakafu ya vigae, na kutoka sakristia hadi madhabahuni ni hatua kumi na saba, nilizihesabu. Ko, ko, ko. Watu wameinamisha vichwa kwa sala ya kimya, na mimi ndiyo nakuja. Mzee wa kanisa mmoja, mtu mpole sana, alinisubiri nje baada ya ibada akasema, "Mchungaji, viatu vyako vinaanza kuhubiri kabla yako." Sikuwa na la kumjibu.

Nikakimbilia upande wa pili. Nikanunua flati nyeusi, pana mbele, soli nene, zenye mkanda unaokatiza juu ya kifundo. Binti yangu alivitazama akasema, "Mama, hivi si vya manesi?" Nikamwambia manesi wanasimama usiku kucha, wanajua wanachokivaa. Ni kweli wanajua. Lakini kwenye kioo cha kabati, nikiwa na sketi ya kazini, ule mkanda ulinikata mguu palepale unapoanza kupata umbo, nikawa mfupi kuliko Mungu alivyoniumba, na mimi si mrefu. Jumapili yake mama mmoja wa kwaya akaniuliza kwa huruma kama miguu inanisumbua.

Chuoni Makumira nilisoma Kigiriki na Kiebrania, nikafundishwa kushika kikombe bila kutetemeka. Habari ya viatu hakuna aliyeigusa, na sijui nani angeigusa. KKKT, kanisa letu la Kilutheri, ilianza kubariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilipoanza kazi, akina mama wa kuwauliza mambo kama haya hawakuwa wengi. Nilimuuliza mmoja ambaye sasa amestaafu. Tulikuwa tunamenya ndizi uani kwake, kisu hakikusimama hata kidogo.

"Mimi, mwanangu, miaka mitano ya kwanza nilivaa viatu vya kiume. Vya kamba. Nilitaka wasikilize Neno, wasitazame miguu."

"Wakasikiliza?"

"Wakasema mchungaji wetu anavaa viatu vya kiume."

Nilicheka hadi ndizi ikaniponyoka, lakini njiani kurudi nilikuwa nimenyamaza. Kumbe hakuna kiatu cha kujificha ndani yake. Ukivaa kirefu unajionyesha, ukivaa kifupi unaumwa, ukivaa cha kiume unaigiza wanaume. Kama nitasemwa kwa vyovyote, nisemwe nikiwa nimevaa ninachokipenda na ninachoweza kusimama nacho ibada mbili mfululizo, ya saa moja na ya saa nne, na kikao cha fedha baadaye.

Msiba mmoja wa masika ndio ulionifundisha kwamba hata kiatu kizuri kina mahali pake. Huku kwetu mtu anazikwa kihambani, katikati ya migomba, na mvua ikishanyesha wiki nzima udongo wa huku juu unakuwa kama uji. Nilikuwa na viatu vya kisigino cha wastani, nikajiona nimekuwa na busara. Nimesimama ukingoni, nimeinama kuchukua udongo wa kutupia mara ya kwanza, kisigino cha kulia kikazama. Nikasogeza mguu. Mguu ukaja, kiatu kikabaki. Soksi nyeusi kwenye matope, kitabu cha ibada mkononi, familia yote inanitazama. Nikaendelea. Mara ya pili na ya tatu nilitupia udongo nikiwa na kiatu kimoja.

Sasa, marehemu alikuwa Mchaga, na waliohudhuria walikuwamo Wapare, watani wa jadi. Mama mmoja wa Kipare alikuwa ananivizia. Amina ilipoitikiwa tu, akapaza sauti: "Mnaona Wachaga! Mtu yuko kaburini na bado anachukua kitu cha mtu!" Watu waliangua kicheko hadi mjane naye akaficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika. Kijana mmoja aliyeshika sepetu alikichomoa kiatu, akakifuta kwa jani la mgomba, akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ananipa sadaka. Tangu siku hiyo makaburini navaa gambuti chini ya kanzu. Hakuna aliyewahi kusema neno juu ya zile gambuti.

Na kuna la kupiga magoti, ambalo wanaume wenzangu wa kazi nikiwaeleza wananitazama tu. Unapopiga magoti umeelekea madhabahu, usharika wote unasoma nyayo za viatu vyako. Mimi niliwahi kusomwa "15,000", kwa chaki, namba kubwa za muuza mitumba ambazo nilisahau kuzifuta. Nilikaa pale chini muda mrefu, sala ilikuwa ndefu siku hiyo, na parishiweka, mhudumu wetu wa usharika, ndiye aliyeniambia baadaye. Alisema bei si mbaya.

Kwa hiyo wiki hizi tatu nilikuwa nawinda kiatu chenye mambo mengi kwa wakati mmoja. Kisiwe na kelele. Kisigino kiwepo, maana kisigino kidogo kinaninyoosha mgongo na kuipa sketi heshima yake, lakini kisizidi vidole vitatu na kiwe kipana chini, kisiwe msumari. Mbele kiishie kwa duara lililochongoka kidogo, kwa sababu cha duara kabisa kinanifanya niwe kama mtoto wa chekechea, na cha ncha kinanibana mfupa unaochomoza kando ya kidole gumba. Uwazi wa juu ushuke chini, mgongo wa mguu uonekane kidogo, hapo ndipo mguu mfupi unapopata urefu. Hili la mwisho nilifundishwa na binti yangu. Nimelithibitisha mwenyewe kwenye kioo, mguu mmoja na kiatu hiki, mwingine na kile.

Halafu saizi. Nilikuwa 39 nilipoolewa. Watoto watatu baadaye mimi ni 41, mimba zimelegeza nyayo na hazikurudi tena, na madukani mjini kuanzia 41 mwanamke anaonyeshwa viatu vya kusindikiza maiti. Nilivyopata vya saizi yangu na umbo la maana vilikuwa shilingi 120,000. Niliviweka chini taratibu kama yai.

Leo nikaenda Memorial, soko la mitumba. Nilikwenda makusudi jioni, maana jioni miguu imevimba, na kiatu kinachoingia vizuri jioni hakitakutesa ibada ya pili. Mama ninayenunua kwake alikuwa amevipanga viatu juu ya turubai, vinang'aa kuliko vilivyokuwa vipya.

"Karibu, mama mchungaji! Baba mchungaji hajambo?"

Hapa nina neno la pembeni. Mama mchungaji ni mke wa mchungaji. Mimi ni mchungaji. Mume wangu anafundisha hesabu sekondari, hajawahi kupanda mimbarini hata kutoa tangazo, na mji mzima unamwita baba mchungaji. Yeye anaitikia kwa furaha kabisa. Mimi huwa nasahihisha siku nikiwa na nguvu. Leo nilikuwa na nguvu za viatu tu.

"Hajambo. Arobaini na moja unazo?"

Akanitolea jozi nne. Ya kwanza nilikunja soli, ikatoa ufa mwembamba katikati. Hizo zilikaa stoo miaka huko zilikotoka, soli imekufa, utavivaa asubuhi na mchana utaacha makombo njia nzima kama mkate. Ya pili ilikuwa imeliwa upande wa ndani na mwenyewe wa kwanza, mwendo wake si wangu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzuri, salama, na moyo haukusema kitu.

Ya nne ndiyo hii. Ngozi kweli, maana nilipoibonyeza ilikunjika vimikunjo vidogo na ikarudi, na harufu ilikuwa ya ngozi. Kisigino vidole vitatu, kipana. Damu ya mzee iliyokolea, ile ambayo kivulini unaweza kudhani ni nyeusi na juani inajitangaza. Niliivaa, nikatembea juu ya turubai kwenda na kurudi, nikasimama mguu mmoja kama korongo. Mama akanitazama chini, akanitazama usoni.

"Hivi vimekuumbia mguu."

"Wazee wangu watasemaje na rangi hii?"

"Wazee wako wananunua viatu vyao wenyewe au unawanunulia?"

Alianza na 35,000, tukaishia 25,000. Chaki nilifuta palepale kwa kitambaa, yeye akicheka bila kujua sababu. Kisha nikavipeleka kwa fundi aliye chini ya mti kando ya barabara, akaking'oa kile kipande kigumu chini ya visigino akabandika raba ya tairi, akashona na uzi wa nta sehemu moja iliyokuwa inaachia. Shilingi 4,000. Akaniuliza kama ni vya harusi. Nikasema ni vya kazi.

Nimejaribu sasa hivi kutembea korido nzima kutoka jikoni hadi chumbani na kurudi. Hakuna ko wala ko. Baba mchungaji amelala fofofo. Nilipiga magoti pia, palepale kwenye mlango wa stoo, nikageuka kuangalia nyayo kwa tochi ya simu. Safi.

Mzee wa mtaa ametuma ujumbe kwamba maziko ya Jumatatu ni saa nane mchana, huko juu kabisa, na gari haliwezi kufika mwisho wa barabara. Nimemwambia binti aniwekee gambuti kwenye buti la gari usiku huu huu, tusije tukasahau. Hivi vingine nimeviweka karibu na mlango, juu ya lile gazeti, hadi asubuhi.