Bibi na peni yake

Mwezi wangu wa pili hapa Nottingham, Uingereza, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, bibi mmoja aliyevuka miaka tisini aliniambia kwa sauti ya chini, "I need to spend a penny," yaani anahitaji kutumia peni moja, ile sarafu ndogo ya Kiingereza. Nikaenda kumtafutia pochi. Nilipoona anakunja uso nikadhani hela haimtoshi, nikamwambia asijali, duka liko hapo chini, nitamnunulia mimi. Anataka nini, biskuti? Bibi akarudia, safari hii kwa haraka. Mwenzangu aliyekuwa akitandika kitanda alicheka mpaka akakaa, kisha akamshika bibi mkono, akampeleka chooni.

Aibu niliyoipata! Baadaye nikaelezwa kwamba vyoo vya umma vya zamani Uingereza vilikuwa na kufuli la sarafu mlangoni: tumbukiza peni moja ndipo ufunguliwe. Kwenye yale Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, watu walilipa peni kutumia vyoo vya fundi mmoja, George Jennings. Leo peni moja hainunui hata pipi, lakini usemi umebaki, hasa kwa wazee.

Usiku nikawa nawalaumu Waingereza kitandani. Mtu akibanwa si aseme choo tu? Halafu nikajikumbuka. Mimi mbele ya mama mkwe nasemaje? "Naenda kujisaidia." Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia hivyo, si atainuka aje kunisaidia?

Na kuna hili la bata. Huku dereva wa basi, muuza mboga, hata mzee anayekufokea kwa sababu ya chai iliyopoa, wote wanakuita "me duck", bata wangu. Siku ya kwanza nilitazama ninavyotembea. Nilipozoea, nikamwambia yule mwenzangu kwamba kwetu Dar mtu akistarehe anakula bata, ingawa mezani huenda kuna soda na chipsi tu. Akaniuliza kama anapikwa kwa nazi.

"You all right?", yaani uko sawa, ndiyo iliyonichelewesha kuliko zote. Msimamizi akiniuliza asubuhi, nilikuwa naanza kueleza: goti, baridi, bili ya umeme. Nikiinua macho, ameshafika mwisho wa korido. Kumbe ni hujambo tu. Na hujambo tunaijua wenyewe: mtu ana homa, kajifunika blanketi mbili, na bado anajibu sijambo.

Jana jioni bibi aliniita kwa kidole. "Penny?" nikamuuliza, tayari nimeshavuta kigari chake. Akatikisa kichwa. "Knackered, duck."

Hilo nilikuwa nalo, limetoka kwa farasi waliochoka wakapelekwa kwa mchinjaji. Hoi bin taaban. Nikamshushia mto, nikazima taa.